Namna ya Kuchambua Athari za Uhamiaji kwa Nchi Inayopokea: Mfano wa Ngara, 1994

Mwanafunzi anayeulizwa kuhusu athari za uhamiaji kwa nchi inayopokea wageni huwa na mazoea ya kupiga mstari katikati ya karatasi, akaorodhesha faida upande mmoja na hasara upande wa pili, kisha akahesabu upande ulioshinda. Njia hiyo ni nyepesi, lakini inawafunika aliyenufaika na aliyeumia ndani ya neno moja, "nchi", kana kwamba wote wanakula chungu kimoja. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine na kuijaribu kwa kisa cha Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, ambako mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, katika muda wa takribani saa 24.

Anza kwa kubainisha kilichowahamisha watu, kwa sababu chanzo ndicho kinachoamua nani anafika na anafika na nini mkononi. Anayefuata kazi huondoka akiwa amejiandaa: ameulizia mshahara, ana ndugu au wakala wa kumpokea, na aghalabu ni kijana aliyewaacha wazee na watoto nyumbani. Ndiyo maana Qatar na Falme za Kiarabu, ambako wageni ni wengi kuliko raia, zina wanaume wengi mno wa umri wa kufanya kazi. Anayekimbia vita hana nafasi ya kuchagua. Waliovuka Rusumo, wengi wao wakikimbia majeshi ya RPF, kundi la waasi wa Rwanda, yaliyokuwa yakisonga mbele, walikuja vijiji vizima, vikongwe na watoto wachanga, na katikati yao walikuwamo pia walioshiriki mauaji ya kimbari. Mzigo wa usalama uliozikumba kambi za Benaco na jirani zake ulitokana na hilo la mwisho, si na wingi wa watu peke yake. Mchambuzi anayerukia idadi bila kugusa chanzo hawezi kuueleza.

Hatua ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo inayostahili kurasa nyingi kuliko nyingine: igawanye nchi kwa namna watu wanavyojipatia riziki. Chukua mkungu wa ndizi. Mgao wa kambini ulikuwa wa mahindi, maharage na mafuta ya kula. Ndizi na maziwa havikuwemo. Mkimbizi aliyechoshwa na mahindi siku nenda siku rudi aliuza sehemu ya mgao wake ili apate ndizi, na kwa sababu hiyo bei ya ndizi ikapanda sana, ilhali bei ya vyakula vilivyokuwa vikigawiwa haikupanda kwa kiasi hicho. Mwenye migomba alinufaika mara mbili, kwani aliuza mkungu kwa bei ambayo hakuwahi kuiota, na wakati huohuo akapata vibarua wengi waliokuwa tayari kupalilia kwa ujira mdogo au kwa chakula tu. Mwenyeji asiye na shamba, ambaye miaka yote aliishi kwa kuwalimia wengine, aliona ujira ukishuka na ndizi zikipanda. Mkazi wa mjini aliyetegemea mshahara alinunua chakula ghali bila kuwa na cha kuuza. Baadhi ya walimu na wauguzi waliacha ajira ya serikali na kuhamia kwenye mashirika ya misaada yaliyolipa zaidi. Kwao ilikuwa neema, kwa mwanafunzi aliyebaki darasani bila mwalimu ilikuwa hasara. Watu hao wote ni wa wilaya moja. (Nikisoma insha inayosema kwamba uhamiaji "uliinua uchumi wa eneo", swali langu la kwanza huwa ni hili: uchumi wa mwenye shamba, au wa kibarua?)

Baada ya hapo, tenganisha athari kwa muda wake. Maharage makavu huchemka kwa saa kadhaa, na vyungu vikiwa maelfu kwa maelfu, miti huisha haraka; mwanamke aliyezoea kuokota kuni karibu na nyumba alianza kutembea mbali. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, lakini visiki havikuondoka nao. Vilevile hazikuondoka barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya malori ya misaada, wala Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya kambi na ikaendelea kuwahudumia wenyeji.

Usisahau kuichunguza nchi inayopokea yenyewe, maana sheria zake huzaa nusu ya athari unazozipima. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walipewa mashamba katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe na kupeleka mazao sokoni. Warundi wengine, waliokuja baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993, waliwekwa kambini, na baadaye wakakatazwa kwenda zaidi ya kilomita 4 bila kibali. Asili yao ni moja na wengi wao ni wakulima, lakini kundi la kwanza lilihesabiwa kuwa nguvukazi na la pili kuwa mzigo.

Kuhusu kipimo, linganisha hali na ilivyokuwa kabla ya wageni kufika. Kagera ina bahati kwamba utafiti wa kaya ulianza huko mwaka 1991, kabla ya wimbi, na kaya zilezile zikatafutwa tena mwaka 2004. Pia taja wazi kundi unalolipima. Wakyuba wapatao 125,000 walipoingia Marekani mwaka 1980, wengi wakifikia Miami, mwanauchumi David Card hakuona mishahara ya wenyeji ikishuka. Miaka mingi baadaye mwanauchumi mwenzake, George Borjas, aliwatazama wanaume wasiomaliza shule ya sekondari na kudai kwamba yao ilishuka sana. Walibishana juu ya mji uleule na mwaka uleule.

Mwisho, kagua maana ya kila takwimu kabla ya kuinakili. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa kundi la 1972 na wazao wao, kwa hiyo idadi ya wakimbizi nchini ikapungua mno bila mtu hata mmoja kufunga mzigo. Ukikuta mteremko wa aina hiyo kwenye jedwali, soma maelezo yake kwanza, ndipo uandike kwamba watu wamerudi kwao.