Somo: Kukomaza Inconel 718 kwenye tanuri la umeme

Wiki hii nimeulizwa mara nne: "Fundi, Inconel inachomwa vipi ili iwe ngumu?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Sahau chuma cha springi. Kile unakipasha kikawa chekundu, unakizamisha kwenye oili, kinakauka, yaani kinakuwa kigumu. Inconel 718, aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli, ukiipasha sana na kuipoza haraka inakuwa laini. Ugumu wake unakuja baadaye, polepole, kwenye moto wa chini; huko ndiko kukomaza. Zaidi ya nusu yake ni nikeli, kromiamu ni 17 hadi 21%, na niobiamu kama 5%. Hiyo niobiamu ndiyo mwenye kazi hapa.

Hatua ya 1. Kereza, toboa, kata meno wakati chuma bado ni laini.

Hatua ya 2. Osha. Hapa ndipo nilipoharibu bolti sita za eksozi ya jenereta ya mteja. Nilizikata kwa oili ya kukatia yenye salfa, nikazipangusa kwa kitambaa, nikaziingiza tanurini. Zilitoka na mabaka ya kijivu, na kwenye mashina ya meno kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. Moja ilikatika mkononi mwangu nikiikaza kwa spana ya kawaida. Salfa ikikutana na nikeli hutengeneza mchanganyiko unaoyeyuka karibu nyuzi 640 za Selsiasi tu, nao hupenya katikati ya chembe za chuma na kuziachanisha. Wewe unaenda 720 kwenye hatua ya 4. Kwa hiyo: maji ya moto na sabuni, kisha asetoni, kisha glavu safi. Usiandike namba kwa chaki ya nta wala rangi. Risasi na zinki pia ni sumu yake, basi usiikalishe kwenye trei iliyowahi kubeba betri. Tafadhali, msiruke hatua hii.

Hatua ya 3. Kama hujui chuma kimepitia nini, kilainishe kwanza: nyuzi 980, saa 1, kisha kipoze haraka kwa feni. Usipite 1010, chembe zitakua kubwa. Kilichonunuliwa kikiwa kimelainishwa, ruka.

Hatua ya 4. Nyuzi 720, saa 8. Shusha nyuzi 55 kila saa hadi 620. Shikilia saa 8. Toa, kipoe hewani. Jumla ni saa 18. Thamokapo (waya wa kupimia joto) iguse kipande, isining'inie ukutani.

MASWALI

Katwe1: Tanuri langu la kuyeyushia sufuria linatumia oili chafu. Linafaa?
Jibu: Hapana. Oili chafu ina salfa. Soma hatua ya 2.

Katwe1: Lakini ni kali sana, linafika 1000 haraka.
Jibu: Sikuuliza ukali. Hapana.

Mwanafunzi_Jinja: Samahani mwalimu, kwa nini 720 halafu 620? Si tungekaa 720 saa zote 16?
Jibu: Swali zuri sana, ndugu yangu. Kwenye 720 nikeli na niobiamu zinajitenga na kuwa punje ndogo mno, na punje hizo ndizo zinazozuia chuma kujikunja. Ukikaa pale muda mrefu, punje zinanenepa, zinapungua idadi, nguvu inashuka. Ukishuka 620, nyingine mpya ndogo zinazaliwa, na zile za kwanza hazinenepi tena kwa kasi. Pima ugumu kabla na baada, uone mwenyewe. Ukikwama niandikie.

Welda_Mbale: Inachomeleka?
Jibu: Ndiyo, na ndiyo sababu inapendwa. Niobiamu inajitenga taratibu, kwa hiyo eneo la weldi lina muda wa kutulia kabla halijakauka. Aloi zinazotegemea alumini na titani nyingi hupasuka hapo. Chomelea ikiwa laini, kwa tigi (weldi ya ncha ya tangsteni) na gesi ya argoni, kisha uikomaze.

Muuza_Turbo: Gurudumu la turbo nalo nilikomaze hivi?
Jibu: Hapana, ssebo. Mengi ni 713C, aloi nyingine ya kumimina, hutumika kama ilivyotoka kwenye kalibu. Liache.

Welda_Mbale: Asante mzee. Drili zangu zinachomeka kila nikiitoboa.
Jibu: Punguza mwendo, kandamiza bila kuacha. Drili ikisugua tu bila kukata, pale inaposugua panakauka na hutapitisha tena. Ng'oa kila baada ya milimita chache, safisha, mwaga maji ya kupozea kwa wingi. Na maji hayo yakiwa na salfa, unajua cha kufanya kabla ya moto.