Viza ya ulinzi imekataliwa Australia: namna ya kwenda mahakamani

Mwongozo huu ni wa aliyenyimwa viza ya ulinzi, ile ya namba 866 ya wanaoomba ukimbizi, akapeleka shauri ART (Administrative Review Tribunal, baraza linalopitia upya maamuzi ya serikali) na huko nako akashindwa. Kinachofuata ni Divisheni ya 2 ya mahakama iitwayo Federal Circuit and Family Court of Australia, inayoshughulikia pia kesi za familia. Jaji hatapima upya kama kweli ulifungwa au ulitishiwa. Anatazama kama ART iliamua kwa kufuata sheria, basi.

Hatua ya 1: Hesabu siku. Unazo 35, kuanzia tarehe ya uamuzi wenyewe, si siku uliyofungua barua pepe. Ukichelewa, omba kuongezewa muda kwa maandishi. Eleza kilichokuchelewesha, na onesha kuwa hoja zako zina uzito.

Hatua ya 2: Viza ya mpito, ile inayokuruhusu kukaa kihalali ukisubiri. Kufungua kesi peke yake hakukupi viza. Omba nyingine idara ya uhamiaji kabla uliyonayo haijaisha.

Hatua ya 3: Tafuta kosa. Hapa ndipo kesi inaposimama au kuanguka, kwa hiyo usiharakishe. Soma uamuzi aya kwa aya, kalamu mkononi. Ulitoa sababu mbili za kuogopa kurudi, tuseme siasa na kabila, nao wakajibu moja tu? Walitumia taarifa dhidi yako bila kukupa nafasi ya kuijibu? Andika namba ya aya. Kisha omba rekodi ya sauti ya kikao chako ART na uisikilize yote. Mkalimani aliyezoea Kiswahili cha pwani anaweza kumpotosha mtu wa Kivu bila kukusudia. Saa nazo ni balaa: ukisema walikuja saa nane usiku, ikatafsiriwa neno kwa neno kuwa "eight", yaani saa mbili usiku, unaonekana umebadilisha maelezo. Kosa la namna hiyo likionekana, tafuta mtafsiri aliyeidhinishwa aandike hati ya kiapo. Lakini lazima liwe kosa ambalo kama lisingekuwepo, uamuzi ungeweza kuwa tofauti. Kusema "hawakuniamini" hakutoshi, na ushahidi mpya wa mateso kwa kawaida haupokelewi hapa.

Hatua ya 4: Fungua kesi. Jaza fomu ya maombi ya Sheria ya Uhamiaji, ambatisha hati ya kiapo na nakala ya uamuzi, uwasilishe mtandaoni. Mjibu maombi wa kwanza ni Waziri, wa pili ni ART. Ada ni nzito; mwenye kipato kidogo aombe apunguziwe. Jina lako halichapishwi, utapewa herufi na namba. Wakala wa uhamiaji asiye mwanasheria hawezi kukusimamia mahakamani, hata kama alikusaidia vizuri huko nyuma.

Hatua ya 5: Kusikilizwa. Mawakili wa Waziri watakutumia jalada la nyaraka zote. Lipitie, kisha rekebisha hoja zako ndani ya muda uliopangiwa. Omba mkalimani mapema na useme unaongea Kiswahili cha wapi.

Ukishinda, shauri linarudi ART lisikilizwe upya. Viza bado hujapata. Ukishindwa, kwa kawaida utaamriwa kulipa gharama za Waziri, na hizo ni maelfu ya dola. Muulize wakili kuhusu hilo kabla ya kufungua kesi. Rufaa kwa Mahakama ya Shirikisho (Federal Court), ambayo ni mahakama nyingine ya juu zaidi, ina siku 28.