Seiko 5 inayokimbia au kuchelewa: kurekebisha mwendo wake nyumbani

Mwongozo huu ni wa Seiko 5 zenye mashine ya 7S26. NH35, mashine nyingine ya Seiko, pia inafuata njia hiihii, maana zote mbili hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde. Kiwango cha kiwanda cha NH35 ni kuanzia sekunde −20 (kuchelewa) hadi +40 (kutangulia) kwa siku, kwa hiyo saa inayokwenda mbele sekunde 15 ni nzima. Unachorekebisha ni kosa linalojirudia. Saa ya leo +5, kesho −30, ina uchafu au imekauka mafuta, ipeleke ikaoshwe.

Hatua ya 1: Andika kosa la siku tatu. Ivae kama kawaida na uilinganishe na saa ya simu kila siku wakati uleule. 7S26 haisimamishi mshale wa sekunde unapovuta ufunguo (kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa), kwa hiyo usihangaike kuilinganisha kamili. Andika tofauti tu.

Hatua ya 2: Ondoa sumaku. Usiruke hatua hii, hasa kama saa imeanza ghafla kukimbia kwa dakika nzima au zaidi kwa siku. Spika na vifuniko vya simu vyenye sumaku vinatosha kuifanya mizunguko ya kamani (springi) ya balansi, yaani gurudumu linalobembea na kuongoza mwendo wa saa, ile nyembamba kama unywele, ishikane. Ikishikana ni kama imefupishwa, na kamani fupi hukimbiza saa. Ukiirekebisha ikiwa na sumaku, siku sumaku ikitoka saa itachelewa vibaya.

Kile kiboksi cha kuondolea sumaku kinatosha. Weka saa juu yake, bonyeza kitufe, inyanyue saa polepole mpaka iwe mbali kama sentimita 40, ndipo uachie kitufe. Ukiachia saa ikiwa bado karibu, utaiongezea sumaku. Usibonyeze muda mrefu, kiboksi huchemka.

Hatua ya 3: Fungua kifuniko cha nyuma. Zima feni kwanza, isipeperushe vumbi ndani.

Hatua ya 4: Pima. Nunua taimugrafa, kifaa kinachosikiliza mdundo wa saa na kuonyesha mwendo wake kwa mistari na namba. Programu za simu husikiliza mdundo kwa maikrofoni na zinaweza kukuonyesha kama saa inakimbia au inachelewa, lakini kelele kidogo tu huzichanganya. Kwenye taimugrafa, weka pembe ya mnyanyuo (lift angle) iwe digrii 53, la sivyo kipimo cha upana wa bembea ya balansi kitakuwa cha uongo. Saa iwe imejaa. Usipime mishale inapoonyesha kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri, kwa sababu mashine inakuwa inasukuma tarehe na nguvu ya balansi hupungua.

Pima uso ukiwa juu, kisha ufunguo ukiwa chini, kama mkono unaoning'inia. Bembea ikiwa chini ya digrii 200 wakati saa imejaa na uso uko juu, ishia hapo. Kikono cha kurekebishia mwendo, utakachokisogeza katika hatua ya 5, hakitibu mashine chafu.

Hatua ya 5: Sogeza kikono. Hapa ndipo saa nyingi huharibikia.

Juu ya balansi kuna vikono viwili vinavyofanana, kimoja juu ya kingine. Ifuate kamani kwa lenzi kuanzia nje. Kikono kinachoshika ncha yake ya mwisho ni cha kusawazisha mdundo. Kile ambacho kamani inapita tu katikati ya pini zake mbili ni cha mwendo. Ukikosea, utasukuma kile cha mdundo na saa itaanza kuchechemea: tik na tak hazitalingana, na taimugrafa itakuonyesha mistari miwili iliyoachana.

Kama kosa la mdundo liko chini ya milisekunde 0.8, achana nalo kabisa. Likizidi, lirekebishe *kwanza*, kwa sababu kikono cha mdundo kikisogea huvuta kamani kupitia kwenye pini, na mara nyingi hukiburuta kikono cha mwendo pia. Ukianza na mwendo, kazi yote utairudia.

Kwenye mwendo, pini zikisogea kuelekea ncha ya kamani, kamani inakuwa ndefu na saa inapungua kasi. Zikienda mbali na ncha hiyo, saa inaongeza kasi. Tumia kijiti cha meno cha mianzi kilichochongwa. Bisibisi ya chuma ikiteleza mara moja huiparua kamani, na kamani iliyopinda si kazi ya nyumbani. Sukuma mkia wa kikono, kamwe usiguse kile kipande chenye pini: kikizunguka, nafasi kati ya pini hubadilika na saa itakuwa na mwendo mmoja ikilala na mwingine ikisimama.

Msogeo unaotakiwa ni mdogo mno. Ukiuona kwa macho, huenda umezidisha. Kikono kikiwa kigumu, usiongeze nguvu, maana kitaruka ghafla na kukupeleka kutoka +25 hadi −40. Gusa, ondoa kijiti, subiri nusu dakika mistari itulie, soma, gusa tena.

Usitafute sifuri uso ukiwa juu. Ukiona +8 uso ukiwa juu na −4 ufunguo ukiwa chini, acha hapo, kwa sababu mkononi saa hupita katika hali zote mbili. Saa inayotangulia kidogo ni afadhali kuliko inayochelewa.

Hatua ya 6: Funga na ujaribu tena. Paka mpira wa kifuniko utando mwembamba wa grisi ya silikoni. Uliokauka au kupasuka ubadilishe. Ivae siku tatu nyingine kabla ya kuifungua tena. Ikibaki na sekunde chache za ziada, ilaze usiku katika ule mkao uliouona kwenye taimugrafa kuwa unaichelewesha, nayo itazirudisha yenyewe.