Ng'ombe, paka, bweha: yupi akikung'ata ukimbilie chanjo

Mtu aking'atwa huku kwetu Serengeti hupita kwangu kabla hajafika zahanati, maana mimi ni afisa mifugo wa kata na namba yangu wanayo wote. Anataka kujua kama mnyama yule ni wa kuambukiza kichaa cha mbwa. Nitaeleza ninavyopima, ila sabuni kwanza. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo uliolambwa tu. Jivu, mafuta ya taa na manyoya ya mbwa aliyekung'ata, achana navyo. Maswali tutaulizana ukiendelea kuosha.

La kwanza: mnyama huyo ni wa jamii inayonyonyesha watoto wake? Kichaa hushika wanaonyonyesha tu. Kuku, kenge na nyoka hawamo, ingawa nyoka atakupeleka hospitali kwa sababu zake. Panya na sungura ni nadra mno kukutwa nacho. Mweleze mhudumu wa afya, lakini usikose usingizi.

Mbwa ndiye mwenyewe. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, hadi watu 99 katika kila 100 wanaopata kichaa huwa wamekitoa kwa mbwa. Wengi wanamtazamia yule mkali, mapovu mdomoni, anayeng'ata hata vijiti. Yupo, lakini yupo na mkimya: taya limelegea, hawezi kumeza, kajibanza chini ya ghala, na watoto wanamwonea huruma wanampelekea maji. Huyu mkimya ndiye ananitisha zaidi, kwa kuwa hakuna anayemkimbia. Na mate huweza kuwa na virusi siku kadhaa kabla mbwa hajaonyesha lolote. Kwa hiyo mbwa au paka anayeonekana mzima mfunge, mlishe, mtazame siku 10. Akizimaliza akiwa salama, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyokung'ata. Wewe lakini anza chanjo leo leo; daktari ndiye atakayesema kama inaweza kusimamishwa. Kipimo hiki cha siku 10 ni cha mbwa na paka tu, msikihamishie kwa punda.

Sasa ng'ombe, ambaye huwaponza wafugaji bila kuwang'ata. Anadondosha udenda, hamezi, anarindima kwa sauti iliyokauka, mara anapanda wenzake kama yuko kwenye joto. Mwenye boma anasema amekwamwa na mfuko wa nailoni, anakunja shati na kuzamisha mkono kooni. Mikono ya mfugaji haikosi michubuko jamani! Mate yanaingia hapo hapo. Ng'ombe wa namna hiyo mtenge peke yake, zuia maziwa yake, na usimchinje kuokoa nyama, maana anayempasua kichwa na kushika ubongo anajitia hatarini kuliko wote. Mbuzi na kondoo ni vilevile. Punda ana nyongeza: huyu anang'ata kwelikweli, na akizidiwa huweza kujitafuna mwili wake.

Wa porini ni wengi: bweha, fisi, nyegere, nguchiro, kicheche, kanu. Mimi huuliza kama mnyama amesahau kuogopa watu. Bweha anayeingia bomani saa sita mchana akapigana na mbwa wako, usimdhanie njaa. Popo nao wana virusi vyao vya ukoo huo. Mwaka 2007 mgeni kutoka Uholanzi alikwaruzwa na popo akiwa Kenya, akafariki baada ya kurudi kwao. Hata fungo mmoja wa humu hifadhini, mwaka 2009, alikutwa na kirusi cha jamii hiyo ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana popote. Kikapewa jina la Ikoma. Aking'ata mnyama wa porini hakuna kusubiri siku 10: ni sabuni, kisha chanjo.

Wanakijiji huilaumu hifadhi kwamba ndiyo inayotuletea kichaa. Tafiti zilizofanyika hapa hapa zinaelekeza kwingine: bweha na wenzake huugua na kuambukiza, lakini anayeuweka ugonjwa hai mwaka hadi mwaka ni mbwa wetu wa nyumbani. Mbwa mwitu walipotoweka kwenye nyanda za Serengeti mwaka 1991, kichaa kilikuwa kimeshathibitishwa katika baadhi ya makundi yao.

Zahanati ikikosa chanjo, ulizia kituo cha afya au hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo. Kama kidonda ni kirefu au kiko kichwani, ulizia pia dawa ya kingamwili inayodungwa kuzunguka kidonda. Dalili huchukua wiki au miezi kutokea, na zikishatokea hakuna tiba. Mkimuua mnyama, msimponde kichwa, kwani ubongo ndio unaopimwa maabara. Nipigieni nije na glavu zangu.

Siku ya kuchanja mbwa, tunalenga 70 katika kila 100, maana hapo ugonjwa hukosa pa kupita. Leteni na vitoto. Wazee huviacha nyumbani wakisema ni vidogo mno, na hivyo ndivyo watoto wanavyovibeba kifuani kutwa nzima. Paka mlete ndani ya kiroba kilichofungwa mdomo. Wa kushikwa mkononi hafiki kwenye foleni.