Kipokezi cha GPS Kama Chanzo cha Saa kwenye Linux: Kutoka Antena Hadi chrony

Kipokezi cha GPS huipa kompyuta vitu viwili, na matatizo mengi ya kazi hii hutokana na kuvichanganya. Kimoja ni sentensi za maandishi za NMEA (muundo wa kawaida wa data ya vipokezi), ambazo hutaja tarehe na saa lakini hufika zikiwa zimechelewa, tena kwa kiasi kinachobadilika kila mara. Kingine ni pigo la umeme liitwalo PPS, ambalo hutoka mara moja kila sekunde na huonyesha mwanzo wa sekunde kwa usahihi wa makumi ya nanosekunde, ila halisemi ni sekunde gani ya siku gani. Kwa sababu hiyo nitakuonyesha namna ya kusimamisha kila kimoja peke yake na kukijaribu, na ndipo tuvikabidhi vyote viwili kwa chrony, programu inayorekebisha saa ya kompyuta.

Kompyuta nyingi hazihitaji haya, kwa kuwa seva za intaneti za NTP, itifaki ya kusawazisha saa kupitia mtandao, zinazitosha. Ugumu ni kwamba NTP haiwezi kujua kama safari ya kwenda na ya kurudi zina urefu sawa, na kosa lake laweza kufikia nusu ya muda wa safari nzima. Seva iliyo Ulaya ikijibu baada ya milisekunde 200 kupitia mtandao wa simu, kosa laweza kufika milisekunde 100 bila dalili yoyote kuonekana. Zaidi ya hapo, nyaya za baharini hukatika: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikabaki na intaneti ya kusuasua. Mtu anayetunza kumbukumbu za miamala, vipimo vya matetemeko ya ardhi au ratiba ya kituo cha redio ana sababu ya kuwa na chanzo chake juu ya paa lake.

Mfano wetu ni Raspberry Pi 4 yenye mfumo wa Raspberry Pi OS uliojengwa juu ya Debian 12, pamoja na moduli ya u-blox NEO-M8N.

Hatua ya 1: Kuchagua kipokezi

Sharti la kwanza ni pini ya PPS iliyo wazi kuunganishwa. Bodi nyingi za bei nafuu zina taa inayomweka kila sekunde lakini pigo lenyewe halijatolewa kwenye pini, na vipokezi vingi vidogo vya kuchomeka kwenye USB havina kabisa. Hata pale ambapo pigo hupitishwa kwenye USB, kompyuta huuliza habari kwa vipindi, mara nyingi vya milisekunde moja, kwa hiyo usahihi wa nanosekunde huishia njiani. Ukiwa na USB pekee utapata saa inayotosha pale ambapo hakuna intaneti, lakini usiitarajie kuishinda seva ya NTP iliyo karibu.

Zipo pia moduli zilizotengenezwa mahususi kwa saa, kama NEO-M8T, ambazo zikishajua mahali zilipo huweza kutoa saa hata kwa setilaiti moja. Moduli ya kawaida huhitaji setilaiti nne, kwa kuwa inatafuta mambo manne yasiyojulikana: vipimo vitatu vya mahali na kimoja cha wakati. Kwa kazi ya Unix ya kawaida sioni haja ya kulipa ziada hiyo, isipokuwa kama antena yako itaona kipande kidogo tu cha anga.

Hatua ya 2: Antena

Hapa ndipo kazi hufaulu au kuharibika, na hakuna faili la usanidi litakalookoa antena iliyowekwa vibaya. Ishara ya GPS husafiri kutoka umbali wa takriban kilomita 20,200 na hufika ikiwa dhaifu mno, kiasi kwamba paa la mabati huizuia karibu yote. Antena iliyo ndani ya chumba chenye mabati inaweza kushika setilaiti kupitia dirishani asubuhi, ikazipoteza mchana, nawe ukadhani programu ina kasoro. Itoe nje. Mabati yale yale yaliyozuia ishara ndani yanasaidia antena ndogo ya sumaku ikikaa juu yake, kwa sababu antena za aina hiyo hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa na bamba la chuma chini yake.

Anayeishi karibu na ikweta ana bahati ya anga, kwani njia za setilaiti za GPS zimeinama kwa nyuzi 55 na huku kwetu setilaiti hupita utosini na pande zote. Urefu wa kebo usikusumbue sana: kila mita huchelewesha ishara kwa takriban nanosekunde 5, hivyo mita 10 ni nanosekunde 50, kiasi ambacho Linux haiwezi hata kukiona. Kinachostahili kukusumbua ni radi, hasa ukiwa kandokando ya Ziwa Victoria. Weka kizuia radi kwenye kebo pale inapoingia ndani, na ukiunganishe na waya wa ardhi wa jengo.

Hatua ya 3: Nyaya

Zima Raspberry Pi kabla ya kugusa chochote. Unganisha umeme wa moduli na pini ya 1, ambayo ni volti 3.3, baada ya kuhakikisha kwamba bodi yako inakubali kiwango hicho. Waya wa ardhi na pini ya 6. TX ya moduli, yaani pini yake ya kutoa data, na pini ya 10. Na PPS na pini ya 12, ambayo ndiyo GPIO 18 (GPIO ni pini za matumizi ya jumla). Pini za GPIO hazivumilii volti 5, kwa hiyo kama bodi yako hutoa ishara za volti 5, weka kibadilisha volti katikati.

Hatua ya 4: Kuandaa kerneli

Endesha sudo raspi-config, ingia sehemu ya Interface Options kisha Serial Port, ukatae kuingia kwenye mfumo kupitia poti ya siriali na ukubali poti yenyewe iwashwe. Usipofanya hivyo, mfumo utayachukulia maandishi ya kipokezi kama mtu anayejaribu kuandika jina lake la kuingilia. Kisha fungua /boot/firmware/config.txt na uongeze:

enable_uart=1
dtoverlay=disable-bt
dtoverlay=pps-gpio,gpiopin=18

Mstari wa pili huzima Bluetooth, ambayo kwenye Pi 4 hukalia poti bora ya siriali na kutuachia ile dhaifu. Washa upya kompyuta.

Hatua ya 5: Kujaribu pigo na sentensi kila kimoja peke yake

Anza na pigo:

sudo apt install pps-tools
sudo ppstest /dev/pps0

Unapaswa kuona mstari mmoja kila sekunde wenye neno assert na namba ya mfuatano inayopanda. Ukiona ujumbe wa kuisha muda wa kusubiri, usisonge mbele: ama waya uko mahali pasipo pake, ama kipokezi hakijashika setilaiti za kutosha, kwani u-blox kwa kawaida haitoi pigo kabla ya kupata mahali ilipo.

Kisha sentensi:

stty -F /dev/serial0 9600 raw
cat /dev/serial0

Tafuta mstari unaoanza na $GNRMC au $GPRMC. Baada ya saa utakuta herufi A ikiwa vipimo ni halali, au V ikiwa bado. Saa hiyo ni ya UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, kwa hiyo 060000 ni saa tatu kamili asubuhi Nairobi na Dar es Salaam. Usijaribu kuirekebisha: Unix hutunza wakati kwa UTC ndani yake, na kanda ya saa ni suala la kuonyesha tu.

Kipokezi kilichokaa muda mrefu bila umeme kiache kikiwa kimewashwa kwa robo saa kabla ya kukiamini. Saa ya GPS ilianza kuhesabiwa tarehe 6 Januari 1980 na haifuati sekunde za nyongeza ambazo UTC huongezewa mara moja moja, hivyo tangu Januari 2017 iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Tofauti hiyo hutangazwa na setilaiti zenyewe ndani ya ujumbe unaochukua dakika 12.5 kukamilika, na kabla ya kuipata kipokezi kinaweza kukosea kwa sekunde nzima moja au zaidi. Kosa la sekunde kamili, lisilo na sehemu, karibu kila mara lina asili hii.

Hatua ya 6: gpsd

sudo apt install gpsd gpsd-clients chrony

gpsd ndiyo programu inayosoma kipokezi na kuzipa programu nyingine data yake. Katika /etc/default/gpsd weka:

DEVICES="/dev/serial0"
GPSD_OPTIONS="-n"
USBAUTO="false"

Alama ya -n huilazimisha gpsd isome kipokezi hata kama hakuna programu iliyoomba. Kwenye Debian haitoshi peke yake, kwa sababu gpsd husubiri kuamshwa na soketi ya systemd, na chrony haiitumii soketi hiyo bali husoma kumbukumbu ya pamoja. Bila amri ifuatayo, kila kitu kitakwenda vizuri leo kisha kitanyamaza umeme utakapokatika na kurudi:

sudo systemctl enable gpsd.service
sudo systemctl restart gpsd

Thibitisha kwa cgps -s. Sikuweka /dev/pps0 kwenye orodha ya DEVICES kwa makusudi, kwa kuwa chrony italisoma pigo moja kwa moja kutoka kwenye kerneli. Ukiona /dev/pps1 imejitokeza yenyewe, ni gpsd iliyotafuta pigo kwenye poti ya siriali; iache ilivyo, na utumie ppstest kuhakikisha pigo halisi bado liko kwenye pps0.

Hatua ya 7: chrony, kwanza sentensi

Kwenye /etc/chrony/chrony.conf bakiza mstari wa pool uliopo, unaotaja seva za intaneti, kisha ongeza huu mmoja tu:

refclock SHM 0 refid NMEA offset 0.0 delay 0.2 noselect

SHM 0 ni ile kumbukumbu ya pamoja ambamo gpsd huweka saa, na neno noselect linaiambia chrony ipime chanzo hiki bila kukifuata. Washa upya chrony, subiri dakika kumi huku intaneti ikiwepo, kisha endesha chronyc sources mara kadhaa na usome tofauti kwenye mstari wa NMEA. Namba chanya humaanisha saa ya kompyuta iko mbele ya chanzo, yaani sentensi zinachelewa. Hilo ni la kutarajiwa: kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde kila herufi huchukua takriban milisekunde moja kupita kwenye waya, na idadi ya sentensi hubadilika kufuatana na setilaiti zinazoonekana. Ukikuta namba inayocheza karibu na +140ms, andika offset 0.140.

Usipoteze jioni nzima ukitafuta tarakimu ya mwisho. Kazi ya sentensi ni kutambua sekunde peke yake, na ilimradi kosa linabaki mbali na nusu sekunde, pigo litapewa jina sahihi.

Hatua ya 8: Kuunganisha pigo

Sasa ongeza:

refclock PPS /dev/pps0 refid PPS lock NMEA

Neno lock ndilo fundo la mambo yote, maana ndilo linaloagiza kila pigo lipewe jina kutoka kwenye sentensi za NMEA. Washa upya chrony, na baada ya dakika chache chronyc sources ionyeshe alama #* mbele ya PPS. Tofauti itashuka hadi mikrosekunde chache au chini yake. Kinachobaki ni ucheleweshaji wa kerneli katika kupokea katizo, pamoja na joto: kioo cha saa ya kompyuta hubadili mwendo joto linapopanda, na feni au kiyoyozi kikiwaka utaona mabadiliko katika namba za chronyc tracking.

PPS ikibaki na alama ya kuuliza, tazama safu ya Reach ya NMEA, inayoonyesha kama data imekuwa ikifika karibuni. Ikiwa ni 0, tatizo liko kwa gpsd, wala si kwenye pigo.

Hatua ya 9: Kuwagawia wengine

allow 192.168.1.0/24

Badilisha namba kulingana na mtandao wako na uruhusu poti ya UDP 123 kwenye ngome ya moto. Kompyuta nyingine zitaiona seva yako ikiwa na stratum 1, yaani iliyounganishwa moja kwa moja na chanzo cha saa.

Kuhusu seva za intaneti, wengi huzifuta PPS inapoanza kufanya kazi. Mimi huzibakiza zisizopungua tatu kama mashahidi, na siweki neno trust (linaloiambia chrony ikiamini chanzo daima) kwenye PPS, kwa sababu mfumo huu umewahi kudanganya. Tarehe 26 Januari 2016, setilaiti moja ilipoondolewa kazini, baadhi ya setilaiti zilitangaza data ya UTC yenye kosa la takriban mikrosekunde 13. Baadaye hitilafu katika matoleo ya gpsd 3.20 hadi 3.22 ilifanya tarehe irudi nyuma wiki 1024, kutoka Oktoba 2021 hadi Machi 2002. Namba ya wiki katika ujumbe wa asili wa GPS ina biti 10 tu, hivyo hurudi sifuri kila baada ya wiki 1024. Mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019, na ijayo ni Novemba 2038. Ukinunua moduli ya zamani, linganisha mwaka inaoutaja na kalenda kabla ya kuipandisha juu ya paa. Mashahidi wakiwepo, chrony itaiwekea PPS inayodanganya alama ya x na kuiacha.

Kwa wasiotumia Linux

Kwenye FreeBSD, poti ya siriali halisi hupokea pigo kupitia pini ya DCD. Unda viungo vya /dev/gps0 na /dev/gpspps0 vinavyoelekea poti hiyo, kisha katika ntp.conf weka server 127.127.20.0 mode 17, ambapo 1 huchagua sentensi ya RMC na 16 huweka mwendo wa 9600, na mstari wa fudge 127.127.20.0 flag1 1 wa kuwasha pigo. OpenBSD ni rahisi zaidi: ldattach nmea huigeuza poti kuwa kihisi kiitwacho nmea0, unakiangalia kwa sysctl hw.sensors.nmea0, kisha unaandika sensor nmea0 katika ntpd.conf.