Kesi ya ajali imelipwa: jinsi ya kujua fungu lako ni lipi

Nimekuwa karani wa mawakili Mombasa miaka mingi, na faili zilizojaa mezani kwangu zilikuwa za ajali: matatu za barabara ya Malindi, malori ya Mariakani, bodaboda za kila kichochoro. Kazi nimeiacha, lakini majirani bado wanabisha hodi na bahasha mkononi. Swali lao ni lilelile: "Hukumu imesema laki nane, mbona wakili ananipa laki nne?"

Huenda hizo laki nne ni haki, huenda umeibiwa. Huwezi kujua mpaka uzitenganishe pesa, kwa sababu cheki ya bima hubeba pesa za aina tofauti zikiwa zimechanganywa.

Anza na lawama. Kabla ya kutaja fidia, pande mbili au hakimu huamua nani amechangia ajali kwa kiasi gani. Tuchukue mtu aliyegongwa na matatu akivuka barabara, akavunjika mifupa yote miwili ya mguu wa chini. Fidia ya maumivu imekubaliwa kuwa shilingi 800,000. Risiti za hospitali, dawa na ripoti ya daktari zinafika 64,500. Jumla 864,500. Kama lawama ni asilimia 80 kwa dereva na 20 kwa aliyegongwa, ile 20 inakatwa katika jumla yote, risiti zikiwemo. Zinaondoka 172,900, zinabaki 691,600. Basi ukisikia "laki nane", uliza kwanza: kabla ya lawama au baada? (Na abiria aliyekaa kitini mwake, mkanda amefunga, hana sababu ya kubebeshwa lawama. Akiambiwa akubali 20 "ili mambo yaishe haraka", aulize haraka hiyo ni ya nani.)

Kuhusu risiti sina mengi. Fidia ya matumizi hulipwa kwa kile kilichodaiwa na kuthibitishwa kwa karatasi. Teksi ya kwenda kliniki ambayo hukuchukua risiti, usiitarajie.

Sasa gharama za kesi, na hapa ndipo watu wanapopotea. Juu ya zile 691,600, aliyeshindwa hulipa gharama za upande wa pili. Hukadiriwa kortini kwa jedwali la malipo ya mawakili, au mawakili wawili wanapatana. Tuseme wamepatana 150,000. Bima italeta 841,600. Zile 150,000 ndizo zinazomlipa wakili wako, pamoja na kurudisha ada za korti zilizotangulizwa. Si lazima ziwe malipo yake yote: jedwali hilohilo linaweka ada ya wakili kwa mteja wake juu zaidi ya ile inayolipwa na upande wa pili. Kwa hiyo akikata kiasi fulani katika 691,600 zako, usimwite mwizi bado. Mwombe hesabu iliyoandikwa, kila kipengele na shilingi zake.

Lakini akikwambia "theluthi ni yangu, ndiyo sheria", hapo simama. Marekani ni desturi wakili kuchukua sehemu ya fidia. Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha mapatano ya kumlipa wakili ukishinda tu, na pia ya kumlipa kiwango kinachopanda au kushuka kufuatana na ushindi. Kifungu hicho pia kinabatilisha wakili kununua kesi ya mteja wake, yale mambo ya "chukua laki moja leo, mengine niachie mimi". Mnachoweza kufanya ni kupatana kiasi maalum cha ada, kwa maandishi, nawe ukatia sahihi. Najua theluthi utaisikia kila mahali, hasa kwa madalali wanaozunguka wodi za mifupa na fomu za kutia sahihi. Dalali si wakili. Jina la wakili litafute katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya, iko mtandaoni na ni bure.

Kuna pia pesa ulizokopeshwa kesi ikiendelea: nauli, kodi ya nyumba, ripoti ya daktari. Hizo zinakatwa kwa haki, ila ziwe zimeandikwa na tarehe. Na ripoti ya daktari iangalie mara mbili. Kama bima imeshailipa ndani ya risiti ilhali aliyetanguliza pesa ni wakili, wakili ajirudishie pesa hiyo mara moja tu.

Kabla ya kutia sahihi hati ya bima ya kumaliza madai, fikiria mguu wenyewe. Ukiwa na vyuma ndani, kuna siku vitatolewa, na upasuaji huo una bei. Daktari auandike katika ripoti na uingizwe katika madai mapema, kwa sababu hati ikishasainiwa huwezi kurudi kudai. Usisaini hati ambayo nafasi ya kiasi iko tupu, hata kama karani ana haraka. Nimekuwa karani, haraka zetu hazikuwa zenu.

Pesa zikichelewa, uliza kama kuna rufaa. Mara nyingi korti huamuru nusu ulipwe wewe na nusu iwekwe benki katika akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande mbili mpaka rufaa iamuliwe. Hiyo nusu haijaliwa na mtu, na riba yake ijumuishe unapohesabu. Hukumu ikizidi milioni 3, bima ya gari inabanwa na kiwango hicho kwa kila mtu. Kinachozidi kinadaiwa mwenye gari. Na kama aliyeumia ni mtoto, mzazi hawezi kupatana na bima bila idhini ya korti.

Siku ya kulipwa, nenda na mtu unayemwamini na uombe nakala nne: hukumu au makubaliano, barua ya bima iliyoambatana na cheki, karatasi ya gharama zilizopatanwa au kukadiriwa, na hesabu ya wakili kuhusu makato yake. Fidia hupitia akaunti ya wateja, tofauti na akaunti ya ofisi, kwa hiyo rekodi zipo. Akikataa kukupa, mwandikie barua, baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa, kisha upeleke malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu. Ambatanisha kitambulisho, nambari ya kesi na barua ile yenye muhuri.