Namna ya Kufuatilia Oksijeni Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Umio

Upasuaji wa kuondoa umio (mrija wa kupitishia chakula kutoka kooni hadi tumboni) mara nyingi hugusa kifua na tumbo kwa pamoja, hivyo mgonjwa huogopa kuvuta pumzi ndefu, na sehemu za chini za mapafu husinyaa na kukusanya makohozi. Kwa hiyo dawa za maumivu zitolewe kwa wakati; ujasiri wa kuvumilia hauna faida hapa, kwani asiyekohoa hupata nimonia kwa urahisi.

Mlaze akiwa ameinuliwa kichwa na kifua kwa nyuzi 30 hadi 45, hata usiku, kwa sababu mfuko wa tumbo uliovutwa juu kuziba nafasi ya umio hurudisha chakula kooni. Mhimize avute pumzi taratibu, aishikilie kidogo, kisha akohoe huku amekumbatia mto juu ya kidonda.

Unapotumia kipimo cha kidoleni kinachoonyesha asilimia ya oksijeni katika damu, ondoa rangi ya kucha, pasha joto kidole kilichopoa na usubiri namba itulie. Mwulize daktari mapema kiwango kinachomfaa mgonjwa wako. Kikishuka chini ya asilimia 90, tafuta huduma ya dharura.

Usiitegemee namba pekee. Homa, mapigo ya moyo ya kasi na maumivu mapya ya kifua huweza kuashiria kuvuja kwa maungio, yaani mahali mfuko wa tumbo uliposhonwa na sehemu ya umio iliyobaki, ilhali kukosa pumzi ghafla, hasa mguu mmoja ukiwa umevimba, huweza kutokana na donge la damu mapafuni. Katika hali hizo, asile wala kunywa mpaka aonwe na daktari.